Mama wa Obunga Aliyeshusha Mkono Wake

Saa kumi na mbili asubuhi, nje ya kiwanda kimoja cha samaki mjini Kisumu, wanawake zaidi ya thelathini wameketi juu ya beseni walizozifudikiza, kimya kabisa. Ajabu! Mwaka juzi hapa palikuwa uwanja wa ngumi. Katikati yao, amefumba macho, yupo Beldina Aoko, mkaanga mgongo wazi kutoka Obunga, mtaa wa mabanda mjini humo.

Mgongo wazi ni mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki minofu ikishaondolewa. Ndiyo inayolisha watoto wanne wa mjane huyu.

"Mimi nilikuwa moto, bwana," anasema akicheka. "Mtu akinisukuma kwenye laini ya samaki, namrudishia mara mbili. Nikifika nyumbani bado nateta na sufuria."

Mumewe alipofariki mwaka 1990, hasira ikazidi, na hasira ni hasara kweli: wateja walimkimbia. Ndipo Mama Seline, mjane mwenzake wa kanisani, alipomfundisha kuomba bila maneno mengi. Mafuta yakiwa motoni, aketi, apumue, aseme moyoni, "Bwana, nipo," mpaka yaache kutatarika.

Majirani hawakuelewa. Mama mkwe alifunga safari kutoka Seme, akidai mkazamwana ameshikwa na juogi, mapepo ya ziwani.

"Nikamwambia, 'Mama, keti na mimi.' Aliketi, akasinzia!"

Jaribu lenyewe lilikuja Juni ya mwaka juzi, 1992. Mifupa ilikuwa haba, wanawake wakapigana, na mlinzi, Mzee Oketch, akafunga lango. Selpha, hasimu wa Beldina wa siku nyingi, akamvua kitambaa cha kichwa mbele ya watu. Wote wakangoja kofi.

"Mkono ulishainuka," Beldina anakumbuka. "Na nikikosa samaki, watoto wanalala njaa. Nikasema, Bwana, nipo. Nikageuza beseni, nikaketi."

Selpha akaduwaa. "Nyar Asembo, leo umekosa matusi?" akauliza, akimwita binti wa Asembo, kwao alikozaliwa.

Mama mmoja akaketi, kisha mwingine, hadi wote. Mzee Oketch akafungua lango. Tangu hapo foleni huanza kwa ukimya, naye mlinzi huvua kofia.

"Najivunia sana," Beldina anasema bila haya. "Nguvu ni ya Mungu, lakini mkono ulioshuka ulikuwa wangu."

Sasa anataka kujenga chumba cha mabati nyuma ya jiko lake, cha kuomba kimya tu. Majirani wanamcheka: kanisa bila ngoma, Obunga hii, nani ataingia?

"Mimi," anadakia Selpha, aliyeketi kando yake. "Na misumari nimeshanunua."