Gari Lisilorudi Nyuma

Wageni wakiandika habari za Mji wa Kale husema unanukia karafuu na udi. Waacheni waandike. Mimi nimezaliwa Kibokoni, na harufu ninayoijua ya kwetu ni ya grisi: grisi nyeusi iliyokwisha kuungua, iliyochanganyika na mafuta ya taa na mbaazi za nazi zilizokuwa zikitokota jikoni kwa jirani. Harufu hiyo ilikaa mlangoni petu msimu mzima wa joto, mwaka nilipokuwa darasa la nne, na hadi leo nikipita karibu na gereji yoyote nasimama kuinusa bila haya.

Gari lilikuwa Reno ndogo nyeupe, aina ambayo watu waliiita Roho, na lilikuwa zee tayari siku baba alipolinunua. Baba ndiye aliyemfundisha Mama kuendesha, alfajiri, barabara ya Mama Ngina ikiwa tupu, kabla wauza mihogo hawajawasha majiko yao. Alipofariki, Mama alimaliza eda, akavaa buibui lake, akachukua ufunguo, akaanza kuwapeleka watoto wa mtaa wetu shuleni asubuhi na kuwarudisha mchana. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha. Ami Salim, kaka yake baba, mwenye duka la vitambaa Ndia Kuu, hakuipenda hata kidogo. Hakuwa mtu mbaya, na nasema hivi ingawa bado namkasirikia. Kila Ijumaa alituletea samaki, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba mjane wa nduguye hafai kushika usukani mbele za watu. Akatoa neno lake sebuleni kwetu, jamaa wote wakisikia: gari likiwa linatembea, tukae Kibokoni kama tulivyo, lakini siku litakaposimama, ataliuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu wa Makupa, nasi tuhamie kwake, kwenye chumba cha nyuma. Mama alimjibu, "Nimekusikia, shemeji," na wanaomjua Mama wanajua kwamba hilo halikuwa jibu la kukubali.

Basi Roho ikaanza kulia. Tak-tak-tak kila tulipokata kona, na Mji wa Kale ni kona tupu. Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, ekseli zake zina viungo vya chuma ambavyo mafundi huviita sivi, na viungo hivyo ndivyo vinavyoiwezesha ekseli kuzunguka hata gurudumu likiwa limepinda. Vichochoro vyetu vinakulazimisha upinde usukani hadi mwisho, uende na urudi, kila siku ya Mungu, na sivi zetu zilikuwa zimechoka. Watoto wa kiti cha nyuma walipiga makofi kufuata mlio. Wazee wa barazani walitutambua kabla hatujatokeza. Ami naye, mlangoni mwa duka lake, alituinulia mkono akitabasamu kama mtu anayesubiri wali ukauke maji. Nililichukia tabasamu lile, na sijaacha kulichukia.

Mama alizunguka gereji za upande wa Mwembe Tayari, nami nimekaa pembeni yake. Kila mahali jibu lilikuwa moja: sivi za Roho haziji tena, uza. Fundi mmoja aliegemea dirishani, akasema, "Mama, nunua baiskeli." Wenzake wakaangua kicheko. Mama akamwambia, "Toa mkono wako mlangoni mwangu," akatia gia, tukaondoka tak-tak-tak mbele ya gereji nzima, vichwa juu.

Aliyekubali kulifungua ni Bwana Kioko, mpangaji wa orofa ya juu, Mkamba aliyekuwa akitengeneza mashine za kunyanyulia mizigo bandarini. Jumapili, aliporudi kutoka kanisani, alibadilisha shati, akapiga jeki pale pale mlangoni, na kichochoro chote kikafungika. Aliyetaka kupita alipita ubavu ubavu na ushauri wake akatuachia. Bwana Kioko alizitoa ekseli zote mbili, akazilaza juu ya mkeka mkuukuu. Raba za kufunikia viungo zilikuwa zimepasuka, mchanga umeingia ndani, na grisi imekuwa uji mweusi. Tukaosha kwa mafuta ya taa mpaka gololi zikaonekana. Bwana Kioko akatikisa kichwa.

"Mama Zuhura, hizi zimelika. Sitakudanganya."

Mama hakujishughulisha na gololi. Alitia kidole ndani ya kikombe cha chuma ambamo gololi hukaa, akaipapasa mifereji yake mmoja baada ya mwingine. Mama alikuwa mshonaji. Kola ya shati langu la shule ikichakaa, aliifumua, akaigeuza, akaishona tena, na ule upande uliokuwa umejificha ukatoka nje ukiwa mpya. Nilimwona akipapasa chuma kile kwa uso ule ule aliopapasia kola.

"Zimelika upande mmoja tu," alisema. "Upande wa pili ni mzima. Kwani ya kushoto haiwezi kukaa kulia?"

Bwana Kioko aliilaza ekseli moja sambamba na mwenzake, zikatoshana. Akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akafuta jicho kwa nyuma ya kiganja. "Yaweza. Kule itazunguka kinyume, na ikienda mbele itasukuma ule upande mzima. Lakini ikirudi nyuma, Mama Zuhura, italia vile vile."

"Basi sitarudi nyuma," Mama akasema.

Grisi mpya niliijaza mimi, kwa vidole vyangu, hadi ikafurika. Kesho yake nilikwenda chuoni kusoma Kurani, kucha zikiwa nyeusi, na mwalimu aliponiuliza nimeshika nini nikamwambia nimetengeneza gari. Akanituma nikanawe. Nilinawa, haikutoka, na nilifurahi kwamba haikutoka. Jioni hiyo tulipita Ndia Kuu kimya kabisa, na wazee wa barazani waliinua vichwa tulipokwisha kuwapita. Ami alisimama mlangoni mwa duka, mkono haukuinuka. Siri ya kurudi nyuma tuliijua watatu tu, na tangu hapo Mama akawa anazunguka mtaa mzima ili asipate haja ya kurudi.

Lakini Ndia Kuu ni nyembamba, na haikupita muda tukakutana uso kwa uso na gari la Ami, refu, jeusi, linang'aa. Desturi ya njia zetu inajulikana na kila mtu: aliye karibu na upenyo wa kupishana ndiye hurudi, na pakiwa na ubishi, mdogo humpisha mkubwa. Upenyo ulikuwa nyuma yetu, hapo hapo, na mkubwa alikuwa Ami. Zamu ya kurudi ilikuwa yetu, sikatai. Ila Mama angerudi hata hatua chache, Roho ingelia, na dirisha la Ami lilikuwa wazi. Angejua kwamba gari bado ni gonjwa. Nikakiona kile chumba cha nyuma.

Mama akazima injini. Akauchomoa ufunguo, akauweka mapajani, akafungua karatasi ya viazi karai tulivyokuwa tumenunua njiani, akawagawia watoto wa kiti cha nyuma.

Ami akapiga honi, kisha akatoa kichwa. "Shemeji! Rudi nyuma, ndia iko wazi hiyo!"

"Sirudi."

"Gari imekufa?"

Mama akauchomeka ufunguo, injini ikaitika mara moja, akaizima tena. "Ni nzima kama wewe, shemeji. Lakini sirudi."

Barazani mtu mmoja akacheka, kisha wote. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Salim, mpishe mke wa nduguyo, tupate kuswali!" Ami akarudi nyuma, shingo imepinda, jasho lamtoka, bampa ya gari lake ikikwaruza baraza la mawe njia nzima. Tukapita mbele yake bila mlio wowote. "Masalkheri, shemeji," Mama akamwambia, kwa adabu zote. Habari ya chumba cha nyuma haikusemwa tena.

Siku hizi nina gari langu, na mwaka jana nalo lilianza kulia. Fundi kijana hakuzifungua sivi. Aling'oa ekseli, akaitupa, akatia nyingine kutoka boksini kabla sijamaliza chai yangu. Sina ugomvi naye. Lakini niliiokota ile aliyoitupa, nikatia kidole ndani mbele ya gereji nzima, nikakuta imelika upande mmoja tu. Wakanitazama kama mwendawazimu, nami nikawaacha watazame.

Kisha juzi, nikimpeleka Mama kwa daktari, tukakutana Ndia Kuu na kijana mwenye gari kubwa la vioo vyeusi. Upenyo ulikuwa nyuma yetu. Kijana akapiga honi, akatupungia mkono turudi, nami nikashika gia.

"Hino nayo yalia ikirudi nyuma?" Mama akauliza.

"Hailii, Mama. Ni nzima."

Akaendelea kumtazama yule kijana. Miaka yote hii nimekisimulia kisa chetu nikisema ni sivi iliyomzuia.

"Hata ile," Mama akasema, "ingekuwa hailii, singerudi."

Nikazima injini. Mama akafungua mkoba wake kutafuta kitu cha kula.