Uyoga wa Mama Aziza Usoni Mwangu

Mpaka leo naona haya kupita kivukoni, maana wauza samaki wa pale wakiniona wanaulizana kwa sauti, "Leo nani amekufa?" halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na kosa lilikuwa langu mwenyewe.

Mdogo wangu Furaha alikuwa anakuja kutoka Lubutu. Hatukuwa tumeonana tangu wakati wa vita, siku ile tulipotawanyika porini, yeye akabebwa na watu waliokimbilia kaskazini, mimi nikabaki na mama, ambaye baadaye nilimzika huko huko bila sanduku. Sasa alikuwa amesikia kwamba mume wangu amefariki, akatuma habari kuwa anakuja kunipa pole. Nilifurahi, kisha nikajitazama kwenye kioo. Mara ya mwisho aliniona nikiwa msichana wa mashavu yaliyojaa. Hatanijua, nilijiambia, na hofu hiyo ilinishika (nasema kweli) kuliko hata ujane.

Jirani yangu Mama Aziza na wenzake wanaotesha uyoga juu ya maganda ya mpunga na makapi ya ngazi za mchikichi yanayobaki mafuta yakishakamuliwa, vitu ambavyo sisi wengine tunatupa, halafu wanaukausha, wanautwanga, wanauchanganya na mafuta na unga wa muhogo, wanapata dawa ya kupaka usoni ya kulainisha makunyanzi, na haichubui ngozi hata kidogo. Aliniambia vizuri kabisa: "Mama Feza, weka kidogo tu, kwa ncha ya kidole. Teleka bugali, na ikiiva, unawe." Mimi nikahesabu miaka yangu, nikaona ncha ya kidole haitoshi. Nikapaka kopo zima, unene wake kama udongo wa kusiriba nyumba, nikasema nitanawa nikifika mtoni, nikavaa nguo zangu nyeusi za matanga, nikaondoka kwenda kumpokea.

Jua la Kindu mnalijua. Nilipofika kivukoni uso ulikuwa mweupe na mgumu kama ukuta, unanuka uyoga. Sasa kwetu mwanamke mwenye nguo nyeusi na uso mweupe (wengine vijijini bado wanajipaka udongo mweupe wakifiwa) hakuna anayefikiri ni urembo. Muuza samaki mmoja aliacha beseni lake akanishika mkono.

"Pole, mama! Nani tena? Si juzi tu njo ulizika bwana yako?"

Nilitikisa kichwa. Ningeweza kusema hakuna aliyekufa. Mdomo ulikuwa umekauka, ndiyo, lakini ungefunguka kama ningejitahidi. Kilichoufunga ni aibu, maana mjane ambaye hata mwaka haujamwishia atasemaje mbele za watu kwamba amejipamba? Nikainama. Yule mama akaona nimezidiwa, akapiga ukelele, wenzake wakaitikia, na mara wanawake wa samaki wote wamekaa chini wamenizunguka wanalia, mmoja anawataja wafu wake wa wakati wa vita jina kwa jina, mpaka na mimi nikamkumbuka mama, machozi yakanitoka kweli (yakachimba mifereji kwenye uyoga, nikawa wa kutisha zaidi).

Hapo ndipo chombo kikafika. Furaha alishuka na mfuko wake, nikamjua kwa mwendo. Akamuuliza mbeba mizigo, "Baba, Mama Feza iko wapi? Alisema atanipokea hapa."

"Mama Feza? Ah, mama, kwake kuko kilio. Ona vile wanalia."

Akatutazama mmoja mmoja, macho yakanipita bila kusimama. Hakumwona dada yake mkubwa, yaya wake, akadhani ndiye anayeliliwa. Mfuko ukaanguka.

"Yaya! Yaya wangu! Hata siku moja tu ulishindwa kuningoja?"

Akajitupa mchangani akaanza kunililia, akieleza jinsi nilivyombeba mgongoni porini, jinsi nilivyompa kipande changu cha muhogo nikidanganya kwamba nimeshiba. Nilimsikiliza kidogo (naona haya kuandika hili, lakini ilikuwa tamu), kisha nikaufungua mdomo kwa nguvu, vipande vikaanguka.

"Furaha, nyamaza. Njo miye, yaya wako."

Alipiga kelele akarudi nyuma mpaka majini! Nikamfuata humo humo, nikanawa, nikainua uso. Akanitazama, mkono mdomoni.

"Mama," akasema. Hakusema yaya. "Hii mikunjo ya pembeni ya macho, njo ya mama."

Kule nyuma kilio kilikuwa kimekatika. Muuza samaki akauliza, "Kumbe hakuna mufu?"

"Hakuna."

"Basi ulipaka nini?"

"Uyoga," nikasema mbele ya wote. "Nilitaka kuwa kijana."

Walicheka, na Furaha akacheka kuliko wote, amenishikilia shingoni, maji yanatufika magotini.

Dawa ya Mama Aziza bado naitumia, kwa ncha ya kidole, na bugali haijaiva nimeshanawa. Ila pembeni ya macho sipaki tena hata siku moja. Furaha amenikataza.