Ukoo wa Waridi la Waberi

Hapa Garissa hata ngamia huulizwa ukoo, kwa hiyo sikushangaa juzi, baada ya mvua za El Nino, kuwakuta wake wenza wawili wa mzee Waberi kwenye kaunta ya ofisi ya kilimo. Kila mmoja alishika kitawi cha waridi linalotambaa, akitaka ukoo wake utambuliwe.

"Mume wetu alilizalisha mwenyewe, kwa ajili yangu," alisema mkubwa, akikisukuma kando kitawi cha mwenzake kwa kidole.

"Wallahi, dada, hata mimi aliniambia hivyo!"

Bibi wa kilimo, nyuma ya kaunta, alivinusa vyote viwili. "Hili ni la mama yangu, kule kwetu Masalani. Mwanamume mmoja alikuja kuniposa, akakata vitawi viwili, hakurudi."

Wake wenza walimtazama kuanzia kichwani hadi viatuni, kisha wakaondoka wameshikana mikono.

Wivu wa wawili huisha akitokea wa tatu.