Niliandika Kuwa Nimeijaribu Laini ya Akiba

Admin, naomba unifichie jina, maana ofisini kwetu wengi wanaingia kwenye huu ukurasa. Mimi ni dada wa miaka 29, mzaliwa wa Nkoaranga. Ni fundi wa mtandao kwenye shamba moja la maua ya kusafirisha nje, huku Arusha. Kazi hii nilitafutiwa na Baba Neema, jirani yetu nyumbani, ambaye ni fundi umeme wa pale tangu mimi niko shule. Barua yangu aliibeba mwenyewe mpaka kwa meneja.

Mwaka jana meneja aliniambia niweke intaneti ya akiba. Yaani faiba, ile waya kuu ya intaneti, ikikatika, firewall, kile kifaa kinachoongoza mtandao wa ofisi, ihamie yenyewe kwenye laini ya simu. Nikaweka. Ila kuijaribu ilibidi nichomoe faiba watu wakiwa kazini, na meneja akasema, "Leo hapana, tuna mzigo." Kesho yake hivyo hivyo. Mwisho nikachoka, nikaandika kwenye fomu kwamba nimeijaribu na inafanya kazi. Nikasaini.

Mwezi uliopita wachimba mtaro wa barabara waliikata faiba asubuhi. Firewall haikuhama. Mimi nilikuwa na ruhusa, nimempeleka mama kliniki, simu nimezima. Hati za mzigo hazikutumwa, ndege ikaondoka, waridi zote zikamwagwa shimoni. Akina mama waliozikata walisimama pale wanaangalia tu.

Meneja akaniagiza nichunguze. Nilipofungua mipangilio nikaliona kosa langu. Nilikuwa nimeiambia firewall iangalie kama inaiona modemu ya faiba iliyo mle mle kwenye chumba cha mitambo ya mtandao, badala ya kuangalia intaneti ya nje. Modemu ilikuwa inawaka, kwa hiyo yenyewe ikajua mambo ni shwari. Nikarekebisha kimya kimya.

Meneja akaniuliza, "Nani aliingia chumba kile siku hiyo?"

Nikasema Baba Neema, alikuwa anasafisha kiyoyozi. Hilo lilikuwa kweli.

"Anaweza kuwa aligusa waya?"

Nikajibu, "Inawezekana."

Jamani, neno moja tu. Baba Neema kasimamishwa kazi, na amebakiza muda mfupi astaafu. Kikao chake cha nidhamu ni Jumatatu ijayo, na mimi nimeitwa kama shahidi.

Jumapili iliyopita baada ya ibada aliniona, nikataka kupita upande mwingine, akaniita. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba kama siku zote, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, mimi sijasoma mambo yenu hayo. Hebu niambie ukweli. Yawezekana niligusa kitu bila kujua?"

Nikamwambia, "Sijui, baba."

Akatikisa kichwa. "Nimekumbuka mpaka nimechoka. Sijui kama kuna waya niliisukuma na ngazi. Basi Jumatatu nitakubali tu niombe radhi. Wale akina mama walisikitika sana."

Akanishika bega, akaniambia nimsalimie mama.

Nikisema ukweli kazi sina, na mama ananitegemea mimi peke yangu. Nikinyamaza, mzee wa watu anaenda kukiri kosa langu, tena anaamini kabisa ni lake.

Nitukaneni mkitaka, nastahili. Lakini nishaurini kabla ya Jumatatu: nianzie kwa meneja, au niende kwanza nikapige magoti kwa Baba Neema?