Karanga za Kuhesabia Karata

Chekeni tu, mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka nimechoka, ila siku ile sikucheka, siku ile nilitamani shimo la dhahabu linifukie na kitenge changu, maana sijasikia mwanamke wa Kisukuma aliyemfanyia baba mkwe wake nilichomfanyia mimi, na chanzo chenyewe eti kitabu. Mimi Kabula, nisiyejua hata herufi a inakaa upande gani, nikaponzwa na kitabu.

Ilikuwa Nyarugusu, miaka ile ya kisomo cha watu wazima. Bwana wangu Masanja alinitoa kwetu Didia akanipeleka kule machimboni, akanijengea kibanda cha nyasi, halafu akanisahau ndani yake kama mtu anavyosahau jembe (sisemi alikuwa mbaya, hakunipiga, hakuninyima, alikuwa hayupo tu). Asubuhi yuko shimoni, mchana akitoka anaoga, anakwenda kwenye turubai wanapochezea karata, anarudi giza limeingia, anakula, analala. Mtoto hatukujaliwa. Majirani wote wanaume, na wao wako shimoni au turubaini. Nikafika mahali namwamkia kuku wangu mmoja, halafu najiitikia mwenyewe kwa sauti ya kuku.

Siku moja nikamwambia Masanja, na mimi nije nikae hapo turubaini, niangalie tu. Akakohoa kile kikohozi chake cha kutafuta maneno. "Pale haangalii mtu, mke wangu. Pale anakaa anayecheza, na mchezo wenyewe ni wa hesabu, sio wa kupepeta mtama." Na rafiki yake Lubinza, aliyekuwa anaongea kwa puani kama ana mafua mwaka mzima, akadakia, "Shemeji akasomee kwanza."

Basi nikaenda kusomea.

Nilidandia lori mpaka Geita, dukani kwa Bwana Haridas, kwa sababu nilishaona chumvi yake anaifungia karatasi za vitabu. Mzungu mmoja alikuwa ameondoka akamwachia boksi zima, naye akawa anachana tu. Nikamwambia nataka kitabu cha kushinda karata. Akashusha miwani. "Mama, wewe najua soma?" Sijui. "Basi chukua yoyote, kwako yote iko sawa." (Wala hakunitukana, alisema kweli.)

Nikaanza kuchagua. Nikanyanyua kikubwa kuliko vyote, nikakipima mkononi, nikidhani elimu inakwenda kwa uzito, Bwana Haridas akasema, "Mama, hiyo kitabu, hapana samaki." Nikakifungua, farasi watupu. Cha pili kilikuwa na picha ya mwanaume wa miwani, uso wake wa mtu ambaye hajashinda kitu tangu azaliwe, nikakirudisha. Cha tatu kilikuwa chembamba, gamba lilishafungia tumbaku ya mtu, lakini ndani nikaona shupaza, kopa, ree, wazungu wenye mataji, wamepangwa mistari kama askari. Nikasema hiki. Nikamlipa Bwana Haridas kuku wangu, huyo huyo wa kuamkiana. Njiani kurudi nilikuwa na kitabu na sina wa kumwamkia.

Mwalimu wa kisomo, kijana mmoja anayeongea kama yuko redioni, alikiangalia akaniangalia. "Mama Kabula, darasani ulitoroka tukiwa bado kwenye irabu, na leo unaniletea Kiingereza?" Lakini alikuwa na umbea wake, akakisoma, na kesho yake akanieleza. Mchezo ni kufika ishirini na moja bila kupitiliza, ukipitiliza umeungua, hilo nilijua. Siri ni kuhesabu karata zinazotoka. "Ikitoka karata ndogo, unaongeza moja. Ikitoka ree, au kumi, au mzungu wa taji, unapunguza moja. Hesabu ikipanda, maana yake kubwa zimebaki kwenye furushi, hapo unaweka kwa wingi. Na hesabu hiyo, mama, ikae kichwani, mtu asiione."

Kichwani. Kichwa changu mimi hakijawahi kushika hesabu, nikiuza mayai nahesabia mbegu za mahindi, na mbegu nikizipanga pale turubaini si wataziona? Nikawaza siku nzima. Mwisho nikapata: karanga. Karata ndogo ikitoka, naweka karanga moja shavuni. Kubwa ikitoka, nameza moja, nzima nzima, bila kutafuna, maana ukitafuna umepoteza hesabu. Shavu likijaa, naweka kwa wingi. Nikajizoeza peke yangu kibandani, nagawa karata kuukuu za Masanja, nameza karanga, na niwaambie ukweli, zile zilikuwa siku nzuri, nilikuwa na kazi.

Nikaenda turubaini na bakuli langu la karanga. Mmoja wao alikuwa mgonjwa, nafasi ipo. Lubinza akacheka puani, "Shemeji amehitimu." Tulikuwa tunawekea njiti za kiberiti, na atakayebaki na chache kuliko wote anawatekea wenzake maji, ndoo kichwani, wanawake wa vijijini wamwone huko mtoni. Wakanigawia. Karanga shavuni, karanga tumboni. Nikaanza kushinda. Njiti zikarundikana mbele yangu, Lubinza sauti ikahama puani ikaja kooni, "Masanja, mkeo ana dawa huyu." Na Masanja aliniangalia, jamani, aliniangalia kama siku ile alipokuja kwetu kuniposa, akasogea kidogo ili nikae vizuri. Nikasema moyoni, sasa ninaye.

Halafu zikaanza kutoka ndogo tupu. Tatu, mbili, tano, nne, mbili tena. Shavu la kulia likajaa, nikahamia la kushoto, likajaa, nikasukuma njiti zangu zote katikati. Hapo watu wakanyamaza. Nikadhani wananiogopa mimi. Nainua macho, baba mkwe.

Amesimama na koti lake la kwendea kanisani, fimbo mkononi, vumbi la lori mpaka kwenye nyusi. Nyuma yake binti yake Minza, wifi yangu mdogo, ana mkeka na kifurushi.

Sasa nyie mnajua kwetu. Mkamwana hatafuni mbele ya baba mkwe, anapiga magoti na kumwamkia, tena yeye ndiye anaanza. Nikapiga magoti. Nimeze, haziwezekani zote. Niteme, mbele yake? Nitafune, ndio kabisa. Nikabaki nimetoa macho kama chura. Masanja akaninong'oneza, "Amkia." Mzee akangoja. Fimbo ikagonga chini mara moja. Nami nikafungua mdomo niseme mwadeila baba.

Ile "mwa" ilitoka na karanga zote. Kwenye koti, kwenye ndevu, moja ikaingia mfuko wa kifuani ikakaa humo.

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Minza. Alijiziba uso kwa mkeka, mabega yanamtikisika, na palepale nikajua huyu ni mtu wangu.

Mzee akajifuta taratibu. "Masanja. Ulinitumia maneno kwa dereva wa lori kwamba mkeo anakonda kwa upweke, nimlete Minza waishi wote. Nimemleta. Namkuta mwenye upweke katikati ya wanaume, mashavu yamejaa." Akageuka. "Minza, beba mzigo wako." Lori lilikuwa bado linashusha mapipa. Masanja aliwafuata akiomba radhi, mimi nikabaki naokota karanga. Minza aligeuka mara moja akiwa juu ya lori, akajaza mashavu yake upepo, akanipungia. Sikumwona tena, aliolewa mbali.

Jioni ile Masanja hakwenda kucheza, tulikula pamoja. Kumbe alijua. Yeye anajua nina upweke, hasemi, mimi ninao, sisemi, mmoja anatuma maneno kwa lori, mwingine ananunua kitabu. Kesho yake akarudi turubaini. Lubinza akaniita, "Shemeji, nafasi yako ipo." Sikwenda, na baadaye dhahabu ikasikika Rwamgasa, Masanja akaifuata huko, hakurudi.

Karata ninazo bado. Nagawa mafungu mawili, langu na la Minza, na Minza anashinda sana, sijui anatumia nini. Karanga nazihesabia kwenye sahani. Mdomoni siweki kitu, huwezi jua, anaweza akapita mtu akasalimia.