Rungu la Plastiki la Ntshangase

Mphikeleli Ntshangase wa Mahlabathini alikuwa pande la mtu, na mguu wake wa kushoto, uliopondwa na mwamba mgodini, haukuweza tena kulibeba pande hilo. Fimbo za mti zilimvunjikia moja baada ya nyingine. Magongo ya hospitali aliyatundika zizini. Sasa binti yake Nonkosi alikuwa anaolewa, na baba wa Kizulu hatambi, yaani kucheza peke yake uwanjani na rungu mkononi, kwenye arusi ya mwanawe akiwa na magongo. Asipotamba, watasema binti katoka nyumba isiyo na mwanamume. Hilo lilimkosesha usingizi.

Mkewe, MaXulu, ndiye aliyeulizia huku na huku mpaka akampata fundi kule Ulundi, anayetengeneza marungu marefu ya Kizulu kwa plastiki ngumu: kichwa cha mviringo kama cha mababu, waya uliosukwa shingoni, mpira chini. Lilipoletwa la Mphikeleli, rika lake Gijimani alilipigapiga akauliza kama ni bomba la maji safi au la choo.

"Likuume roho," Mphikeleli akamjibu. "Lako linaliwa na mchwa."

Akatembea nalo dukani na mtoni, wala halikupinda. Alimshukuru fundi, akashukuru mizimu, akamshukuru hata aliyevumbua plastiki. MaXulu alisikiliza tu.

Siku ya arusi akajitosa uwanjani. Wanaume wakamwita kwa majina yake ya sifa, damu ikamchemka. Na Mzulu akiitwa hivyo, mkono wenye rungu huinuka wenyewe. Rungu likapaa. Hapo ndipo alipokumbuka kwamba lilikuwa mguu wake.

Akayumba. MaXulu alishaona. Akina mama huruhusiwa kukatiza uwanja wakipiga vigelegele, basi akakimbia na kigelegele kimoja kirefu, akajipenyeza chini ya kwapa la mumewe, akajikaza. Watu wakadhani ni furaha tu.

Mphikeleli akahisi bega lile dogo likitetemeka chini ya uzito wake.

"Jamani, mnaniita mimi," akasema kwa sauti iliyofika zizini. "Mwiteni na huyu. Miaka yote hii yeye ndiye aliyenisimamisha. Asante, MaXulu."

"Shusha rungu, baba Nonkosi," MaXulu akanong'ona. "Unanivunja bega."

"Vumilia kidogo," akasema. "Waache wakuone."