Bibi, Mirungi na Faili Langu

Nimetibu wagonjwa wa akili hapa Same miaka mingi, na bado huwa najidanganya kwamba mimi ni mtu wa subira.

Kijana mmoja wa bodaboda aliletwa na bibi yake kutoka Mamba. Msimu wa tangawizi alibeba magunia siku nne bila kulala, huku akitafuna mirungi, mpaka akaanza kuwasikia madereva wenzake wakipanga kumuua. Bibi aliniambia kwamba mjukuu wake, akiwa na akili zake, hata kuku hafukuzi. Kikundi chao cha bodaboda, chenye pikipiki aliyoendesha, kilikuwa kinasubiri karatasi yangu ya ugonjwa. Kama ni mirungi tu, akipona angerudi kazini. Kama ni kichaa cha kudumu, pikipiki angepewa mwingine.

Kwa kawaida mirungi ikitoka mwilini, sauti nazo hupotea baada ya siku chache. Nikasubiri. Siku ya tisa bado alikuwa anajificha chini ya kitanda. Nilikata tamaa, nikafungua faili niandike ule ugonjwa mwingine, wa maisha.

Mchana huohuo muuguzi akafunua bakuli la bibi. Chini ya makande palikuwa na kifurushi cha mirungi ndani ya jani la mgomba. Nilifoka mbele ya wodi nzima. Bibi akaniacha nimalize, kisha akasema taratibu, "Daktari, siku ya kwanza uliniambia nimpe chochote anachopenda, ili mradi ale."

Ni kweli nilisema, nilikuwa na haraka zangu. Nilimpenda bibi yule kuanzia hapo, ingawa kumtazama usoni niliona aibu.

Tukaanza kuhesabu upya. Siku ya sita kijana aliamka, akanipa shikamoo, akauliza pikipiki yake iko wapi. Sauti zilikuwa zimekwisha.

Ikabaki kuandika. Nilimweleza bibi kwamba nisipoyataja yale majani ya bakulini, daktari mwingine atasoma siku tisa za ugonjwa zisizo na sababu, naye atamwita kichaa. Lakini mirungi imepigwa marufuku, na bibi ni mzee wa kanisa. Akajifunga kitenge vizuri.

"Andika ni mimi nilimpa," akasema. "Mimi watanisema wiki mbili. Yeye ana maisha."

Nikaandika. Kabla ya kutia sahihi, nikaongeza ni daktari gani aliyemwambia ampe chochote anachopenda.